Nani alibambua kalamu zangu?

Jumatano. Asubuhi mvua ilishuka kutoka milimani, ikatupiga sawa sawa, ikaenda zake ziwani, na sasa jua limerudi kuchoma matope. Kwa mwili sijambo. Kwa moyo nina hasira. Niko nayo tangu Jumapili saa tano ya asubuhi, na haijanipa nafasi hata ya kukohoa.

Wewe shajara, kitabu kisicho na karatasi, mjukuu wangu Riziki alikufungua ndani ya simu yangu akaniambia: "Babu, yale yote unatusumbuaka nayo sisi, andika humu." Basi leo ni zamu yako kusumbuliwa. Kaa vizuri.

Nina hasira na kole.

Kole ni ile gundi ya maji maji, ya tube ndogo kama kidole cha mtoto, inayouzwa hapa sokoni Baraka katikati ya nyembe na betri. Unaifungua kwa meno. Ukizubaa, midomo inashikana na mke wako anapata siku nzima ya mapumziko. Ikidondokea paja, inakauka kabla hujamaliza kutukana. Wengine wanaitumia kushikisha vitu. Mimi naitumia kuvalisha.

Maana mimi ni fundi wa kalamu za mti. Cheka kwanza, umalize, tuendelee.

Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri. Mwalimu akanichoka, na mi nikamchoka, tukaachana kwa amani. Kuandika kwangu ni huku unakokuona. Lakini wenye diploma wanakuja kwangu kuomba kitu cha kuandikia! Nachukua kipande cha mpera au mlimau, nakifunga kwenye mashini ya kushona ya marehemu dada yangu, ile niliyoitoa kichwa nikaweka vyuma viwili vya kushika mti. Mguu unapiga pedali, mkono unashika patasi, mti unazunguka unatoa nyuzi nyembamba zinazonijaa kwenye ndevu. Nautoboa katikati, natia mrija wa wino wa biki ya kawaida, ile kalamu ya plastiki ya dukani, basi, kalamu imezaliwa. Bado iko uchi.

Ndipo inakuja kazi ya kole. Mti unazunguka, natonesha tone moja kwenye karatasi, napitisha haraka, nangoja. Tena tone, tena kungoja. Mara kumi, mara kumi na mbili. Kisha nasugua na msasa uliolowa maji, namalizia na dawa ya meno kwenye kitambaa. Inatoka inang'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Unaona mistari ya mti mule ndani, utafikiri imefunikwa kioo. Ukipiga na kucha, inalia.

"Hii itadumu kukuzidi wewe," ndivyo nilikuwa nikimwambia kila mtu niliyempa.

Huu mdomo wangu.

Sasa nikueleze Wilondja ni nani, halafu utajua kwa nini sijalala vizuri. Wilondja ni sekretere wa kanisa letu. Anaandika waliobatizwa, waliooana na waliokufa. Mimi na yeye tulikimbia vita pamoja ng'ambo ya ziwa tukiwa vijana wenye nywele, tukarudi pamoja tukiwa wazee wasio nazo. Yeye ana mwandiko mzuri na adabu. Mimi nina mdomo. Tulikuwa tunafaana.

Kiangazi kilichopita mke wake, Mama Neema, alifariki. Baada ya matanga sikujua cha kumwambia. Mtu kama mimi, anayejua maneno mengi ya kipuuzi, siku kama hiyo anabaki bubu. Basi nilikwenda kwenye mashini yangu nikamtengenezea kalamu ya mpera, nyekundu, nzito kidogo, tabaka kumi na nne za kole. Nikampa kwa mikono miwili. Akaishika, akaigeuza geuza, akafungua daftari la waliokufa akaandika jina la mke wake. Hilo ndilo neno la kwanza kalamu ile iliandika.

Ilishika miezi minne.

Jumapili tulikuwa na ndoa. Binti kutoka Lusenda, wa wale ndugu zetu Warundi wa kambi ya wakimbizi, alikuwa anaolewa na kijana mvuvi wa Swima. Watu walikuja kutoka pande zote, wengine nilikuwa siwajui hata kwa pua. Bibi arusi alivaa nguo nyeupe kama povu na glavu nyeupe za dantela, kile kitambaa cha matundu matundu, mpaka kwenye viwiko. Katika kanisa letu, kutia sahihi ndiyo saa yenyewe. Kwaya inanyamaza, watu wote wanasimama, bamama wanasogea na simu zao mpaka wanafunika madhabahu. Wilondja akafungua kitabu, akampa binti kalamu yangu.

Binti akaandika jina lake polepole, vizuri. Kisha akataka kurudisha kalamu.

Kalamu ikakataa kutoka mkononi.

Ngozi yake ya kole ilikuwa imeinuka pale vidole vinaposhika, na ule ukingo wake mkali umenasa kwenye dantela. Binti akavuta. Tiki! Kipande kikubwa kama gamba la samaki kikabaki kwenye glavu, kinang'aa. Na chini ya kile kipande, kwenye vidole vitatu vyeupe, doa jekundu.

"Yesu wangu, damu!" shangazi yake akalia.

Mama mwingine akashika ule mkono, akaunusa mbele ya kanisa zima. "Haiko damu," akasema. "Ni mawese."

Watu wakacheka. Wilondja akainua kalamu, akanitazama pale kwenye benchi la pili. Hakupaza sauti. Lakini mikro ya kanisa ilikuwa mbele yake, na ile mikro haijawahi kuficha kitu. "Baba Sifa," akasema, "kalamu yako inabambuka."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikasimama.

Nikasema: "Kalamu yangu haina kosa! Muulizeni anayeishika! Tangu Mama Neema alale, huyu bwana anakula kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, sahani moja na paka, halafu anakuja kushika kitabu cha Mungu na mawese yake!"

Walicheka, wewe. Walicheka mpaka wa nje wanaochungulia dirishani wakauliza kumetokea nini. Bwana arusi alicheka akajishika tai. Mimi kuchekesha watu ndiyo kazi yangu ya pili, nikiona wanacheka siwezi kuacha, nikaongeza na kumwigiza anavyolamba vidole.

Wilondja hakucheka. Akatoa leso, akaifunga kalamu ndani yake taratibu, akaitia mfukoni. Akaomba biki ya plastiki kwa mkubwa wa kwaya. Kazi ikaendelea.

Na mi nikakaa chini, nimeshinda.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu, Mama Sifa, alitangulia mbele hatua kumi. Amekaa nami miaka mingi, namjua. Akitembea hivyo ni afadhali anipige. Tulipofika mlangoni, akavua viatu, akasema bila kunitazama: "Ulichekesha batu na kifo ya Mama Neema." Akaingia ndani.

Hapo hasira ikaanza kupanda. Si kwangu mwenyewe, bado. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Wilondja na mikro yake, nikaikasirikia dantela. Nikasema moyoni: nitawaonyesha. Nitaleta ushahidi kwamba kosa ni la mikono ya mtu.

Jumatatu asubuhi na mapema nikaenda kwa Alimasi, kijana anayeshona viatu karibu na pale pikipiki zinapopakia. Yeye ndiye ananipatia kole. Nikamwanzia mbali kabla sijafika.

"Alimasi! Unaniuziaka maji ya ziwa ndani ya tube!"

Hakushtuka. Akainua kandambili moja mbaya, chafu. "Muzee, ona hii. Ni kole ile ile, tulifungua siku moja. Mwenyewe anatembeaka nayo mpaka Fizi na kurudi. Kama ni maji, si ingekuwa imefungua kinywa?"

"Sasa juu ya nini kwangu inabambuka?"

"Mti uliupangusa kwanza?"

"Mti unapanguswa? Ni makalio ya mtoto?"

Akacheka, akaendelea kushona. "Kiatu kikiwa na mafuta, mi nakipangusaka na esansi ya pikipiki kwanza, kikauke. Kole haishikake juu ya mafuta, muzee. Inalala tu pale juu, siku moja inaamuka."

Nikamwambia kwamba yeye anazaliwa mimi nilikuwa nimeshapoteza meno mawili, na kwamba fundi wa kandambili hafundishi fundi wa kalamu. Nikaondoka nimenyoosha mgongo. Lakini lile neno liliniingia sikioni kama mbu, na mbu huyo hakutoka.

Mafuta.

Maana nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mteja. Marehemu baba yangu alikuwa anachonga mipini ya jembe, michi ya kutwangia na makasia. Kwake yeye, hakuna mti ulitoka mkononi kabla haujanywa mawese. Anaupaka, anauweka juani, anaupaka tena, siku tatu. Mti ukinywa hivyo haupasuki, na mkono hauoti malengelenge. Hapa kwetu kila mzee wa kuchonga anajua hivyo. Basi na mimi kila kalamu, kabla ya tone la kwanza la kole, niliisugua mawese mpaka inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Ndiyo maana zangu zilikuwa na rangi ambayo hakuna mwingine anayo. Watu wakiniuliza siri, nilikuwa nakonyeza jicho.

Lakini mpini wa jembe hauvai kole juu yake. Hapo sikuwahi kufikiri. Miaka yote hii!

Bado sikukubali. Nikarudi nyumbani nikaamua kuifanyia hii kesi hukumu ya haki, mimi nikiwa jaji. Ndani ya boksi nilikuwa na kalamu tatu. Mbili zilikuwa za mawese, nyekundu, nzuri, za kuvunja moyo. Ya tatu ilikuwa ya mpera lakini imepauka kama mgonjwa wa malaria. Hiyo niliitengeneza ile wiki Mama Sifa alipokwenda Swima kwenye msiba wa kaka yake akaondoka na ufunguo wa stoo, na mawese yakabaki yamefungiwa. Nikaivalisha kole hivyo hivyo kavu. Nikaionea haya, nikaificha chini ya boksi. Sikuwahi kumpa mtu.

Nikaziweka zote tatu kwenye kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kuanzia Jumatatu mchana mpaka Jumanne asubuhi. Kisha nikazipandisha juu ya bati, jua lizile mpaka saa sita. Yaani nilizipa maisha magumu kuliko yale sekretere yeyote anaweza kuzipa.

Saa sita nikaagiza chakula. Ugali, ndagala, na sombe ya majani ya muhogo iliyojaa mawese. Nikala vile nilivyomwigiza Wilondja kanisani, kwa mkono wote, nikajipaka mpaka kwenye kiwiko. Sikunawa. Nikashika ile kalamu iliyopauka na mikono ile inayodondoka mafuta, nikakaa na mfuko mtupu wa simenti, nikaandika jina langu, tena na tena, mpaka mfuko ukajaa. Mama Sifa alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Leo kichwa yako imetoka kabisa," akasema.

Nikamwambia asiingilie mahakama.

Nikaiosha ile kalamu na sabuni, nikaifuta. Nzima. Nikaikuna na kucha kila upande. Haijainuka popote. Inang'aa, inanitazama, imepauka na jeuri yake.

Basi nikanawa mikono. Nikanawa na jivu na sabuni mpaka ngozi ikajikunja, ikawa mikono ya kumshika mtoto mchanga. Nikachukua ile nyekundu nzuri kuliko zote, nikaanza kuandika kwa adabu, kama Wilondja. Mstari wa kwanza, sawa. Kwenye wa pili nikasikia kitu kinatembea chini ya kidole. Kama ile ngozi ya juu ya uji ulioanza kupoa, ukiigusa inateleza. Nikatia kucha ukingoni. Ikatoka yote, shaa, kama ganda la yai lililochemshwa. Na ndani yake mawese, mabichi, kana kwamba niliyapaka jana.

Nikachukua ya pili. Vile vile.

Wewe shajara, nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kibembe, na kwa Kifaransa kile kidogo cha mwaka wa nne. Nilimkasirikia baba yangu katika kaburi lake, dakika mbili hivi, kisha nikaogopa nikaacha. Nilimkasirikia Alimasi kwa kusema kweli, maana kijana akisema kweli hakuna dawa. Mashini ya dada yangu niliipiga teke, mguu bado unauma. Nilizikasirikia kalamu zote ambazo zimekwishatoka hapa: iko moja Nundu kwa muuguzi, iko Lusenda kwa mwalimu, ziko Swima, sijui ziko wapi tena, na kila moja ina mafuta yangu chini ya ngozi, inangoja tu saa yake ya kuniaibisha.

Mama Sifa akaja kuona kelele ni za nini. Akaokota lile ganda la kole, akalinusa. Uso wake ukabadilika.

"Kumbe ndiye weye!" akasema. "Kumbe ndiye weye unamalizaka mawese yangu! Na mi niko naweka sumu ya panya!"

Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Jana sikuweza. Kwa sababu hapo hapo, nikiwa na lile ganda mbele yangu, hasira yote iligeuka ikanitazama mimi.

Mikono ya Wilondja ilikuwa safi.

Na hapa ndipo nataka nikiri kwako, maana huna mdomo wa kwenda kusema. Mimi nilijua. Yule mtu anaweka sabuni ndani ya kopo nyuma ya mlango wa ofisi ya kanisa. Hagusi daftari kabla hajanawa. Nimemcheka kwa hiyo sabuni tangu tulipokuwa na meno yote. Pale niliposimama Jumapili na kusema anakula na paka, nilikuwa najua ni uongo, nikausema hivyo hivyo, kwa sababu watu walikuwa wananicheka na mimi nilitaka wamcheke mwingine. Nikatafuta kitu kinachomuuma, nikakipata karibu: nyumba yake isiyo na mke. Nikakirusha.

Kole inaweza kuwa na kosa, mawese yanaweza kuwa na kosa. Lakini hiyo ni mimi.

Leo basi, mvua ilipopungua, nikaenda kwake. Nilikuwa na zile kalamu mfukoni, moja iliyobambuka na ile iliyopauka. Njiani nilipanga mzaha wa kuanzia. Siwezi kupiga hodi bila mzaha, ni ugonjwa.

Alikuwa mezani, ananakili majina. Pembeni kulikuwa na sahani yake imefunikwa na sahani nyingine, na juu yake kijiko kimefutwa kikauka. Kijiko! Anakula na kijiko, kama padri! Mzaha wangu ukaanza kuozea mdomoni, lakini ulikuwa umeshafika kwenye meno.

"Sekretere, nimekuletea maiti moja na mgonjwa mmoja," nikasema, nikaweka kalamu zote mbili mezani.

Akanitazama. "Sema kilichokuleta."

Nikasema. Nikamweleza mawese, nikamweleza baba yangu, stoo, bati, ugali, mfuko wa simenti. Aliposikia nilivyojipaka mpaka kiwikoni, niliona kama mdomo wake unataka kutikisika, lakini aliurudisha. Akaichukua ile iliyobambuka, akainusa, akaiweka chini.

"Kwa hiyo mafuta ilikuwa ya kwako."

"Ilikuwa yangu."

"Na ile ya paka?"

"Ile..." nikasema, "ile niliongeza chumvi tu."

Akafunga daftari. Wilondja hajui kufoka. Akikasirika, sauti inashuka mpaka inabidi uiname kumsikia. "Baba Sifa, kalamu inaweza kubambuka. Kalamu ni kitu. Weye ulisimama mbele ya batu bote, ukabachekesha na jina ya bibi yangu. Hata bageni ba Lusenda, bale hawakumujua hata siku moja, sasa banajua tu kama alikufa na bwana yake anakula na paka. Leo unakuja kunisemea hapa, tuko babili, mulango umefungwa. Ni hapa ulinitukania?"

Nikamwambia niko tayari kupita nyumba kwa nyumba.

"Hapana. Jumapili, saa ya matangazo. Unasimama palepale, na ile mikro. Unasema." Akainua kidole. "Na hapana kuchekesha batu."

Nilishtuka mpaka nikacheka. Akanitazama hivi, nikaacha.

Akafungua daftari la matangazo, akachukua biki ya plastiki, na mbele ya macho yangu akaandika. Juu kulikuwa na tangazo la bamama wa kufagia kanisa, chini yake zoezi la kwaya. Akaandika jina langu hapo chini, kwa mwandiko ule wake mzuri. Nililisoma kichwa chini miguu juu, mimi wa mwaka wa nne.

Hasira ikanirudia kama homa. Mimi, mzee mzima, nitangazwe baada ya mifagio! Nikamsukumia ile kalamu iliyopauka. "Basi chukua hii. Hii haibambuki, nimeitesa siku mbili."

"Sitaki kalamu."

"Nirudishie ile ya zamani basi. Naikwangua yote, naipangusa na esansi, naivalisha upya. Itakaa."

Akagusa mfuko wa shati lake. Nikaona ile leso. Anatembea nayo, imebambuka hivyo hivyo, inamtia mawese kwenye shati.

"Hii iliandika jina ya Mama Neema," akasema. "Kama nitakupatia ama sitakupatia, tutaona baada ya Jumapili."

Akarudi kwenye majina yake. Nikatoka.

Sasa ni jioni, mwanga wa jua bado uko juu ya ziwa, na tangu mchana niko nimekaa na kipande cha mfuko wa simenti natafuta maneno ya Jumapili. Hasira niliyo nayo leo ni mbaya kuliko ya jana, maana jana nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Nimegundua kitu cha aibu. Sijui kusema jambo bila kulitia mkia. Naandika sentensi nzuri kabisa, nafika mwisho, mkono wenyewe unaongeza kitu cha kuchekesha.

Ya kwanza niliandika: "Ndugu zangu, mawese ni ya kupikia sombe, si ya kupikia kalamu." Nikampa Mama Sifa asome.

"Hapa batacheka," akasema.

Ya pili: "Wilondja ana mikono safi, nyinyi ndio sijui." Akasoma. "Na hapa."

Ya tatu nilidhani ni nzuri. Nilisema paka naye anaomba msamaha wake. Mama Sifa hakumaliza kusoma. Alinirudishia ule mfuko kama mtu anavyorudisha nguo chafu. "Baba Sifa," akasema polepole, "ukifanya vile, kwa Wilondja usirudi tena. Na mi sitakusindikiza kanisani."

Nikakasirika, nikatoka nje, nikatembea mpaka majini, nikarudi. Nikaandika nyingine. Hii hapa, nainakili kwako kama ilivyo:

"Mimi Baba Sifa nilisema uongo juu ya Wilondja ndani ya kanisa hili. Mikono yake ni safi. Mafuta yalikuwa yangu. Nilimtaja marehemu Mama Neema ili mnicheke, na sikuwa na ruhusa. Wilondja, nisamehe."

Mama Sifa amesoma. Amesoma tena. Hakusema batacheka. Ameukunja ule mfuko, ameuweka ndani ya Biblia yake, si yangu, maana yangu anajua naweza kwenda kuongeza kitu.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nina siku tatu za kuufundisha huu uso wangu kusimama mbele ya watu bila kumkonyeza hata mmoja. Umekonyeza watu maisha yake yote. Je, utanisikia?